UZI: Kukaa mwaka mzima kujiandaa na mtihani wa ushindani wa kuingia uhandisi. Sheria, hesabu, ratiba na mahali unapoharibika

Fundi Namba:

Wakuu, salaam. Kila matokeo yakitoka swali ni lile lile: nikubali chuo nilichopata, au nikae mwaka nijipange upya? Majibu mengi huwa ya kutiana moyo au ya kukatishana tamaa, na yote mawili hayamsaidii anayeamua. Naomba uzi huu tuufanye wa kazi. Nitautumia sana JEE, mtihani wa India wa kuingia vyuo vya uhandisi, kama mfano, kwa sababu huko mwaka wa namna hii ni jambo la kawaida na sheria zake ziko wazi. Anayelenga mtihani mwingine achukue kanuni, abadilishe namba.

Anza na sheria kabla hujafungua daftari. JEE ina ngazi mbili, Main na Advanced. Main unaruhusiwa miaka mitatu mfululizo kuanzia ule uliomaliza darasa la 12, na kila mwaka una awamu mbili, Januari na Aprili. Advanced, ambayo ndiyo mlango wa IIT zote 23 (vyuo vya teknolojia vinavyogombewa zaidi India), unaruhusiwa mara mbili tu, miaka miwili mfululizo, na wanaoitwa huko ni 250,000 wa juu kutoka Main. Kwa hiyo kwa mtu wa IIT, mwaka wa kukaa ndio nafasi ya mwisho. Hakuna wa tatu.

Msitegemee tetesi kwenye hili. Mwanzoni mwa Novemba 2024 ilitangazwa kwamba Advanced itafanywa hadi mara tatu, na tarehe 18 ya mwezi huo huo tangazo likafutwa. Wapo waliokwisha kuacha vyuo kwa kuliamini. Suala lilifika Mahakama ya Juu ya India, ambayo Januari 2025 iliwaruhusu wale tu walioacha masomo kati ya tarehe 5 na 18 Novemba. Kwa hiyo soma waraka rasmi wa mwaka wako, na usisalimishe nafasi ya chuo kwa habari ya mitandaoni.

Mambo mengine mawili yanayowaumiza watu kimyakimya. Ukishaikubali nafasi IIT, hurudi tena kwenye Advanced ili kutafuta tawi bora zaidi. Na kudahiliwa IIT au NIT (vyuo vingine vya taifa vya teknolojia) kunataka asilimia 75 kwenye mtihani wa darasa la 12, au uwe ndani ya asilimia 20 ya juu ya bodi yako (kwa SC na ST, yaani matabaka na makabila yanayotengewa nafasi kisheria, ni asilimia 65 badala ya 75). Mwenye 71 anaweza kufaulu JEE vizuri na bado akakwama mlangoni. Huyo ratiba yake lazima iwe na mtihani wa kuboresha alama za shule, na tarehe zake aziandike leo.

Halafu kuna hesabu ya muda. Tunasema mwaka, lakini ukianza Juni awamu ya Januari iko miezi saba mbele. Toa wiki za kujaza fomu, za kuugua, za sherehe za kifamilia, ubaki na wiki kama 28 za kazi ya kweli. Panga kwa wiki hizo 28. Kinachobaki hadi Aprili na Mei kiwe cha kunoa, kisiwe cha kuanza mada mpya.

Swali Dogo:

Asante mkuu kwa uzi. Mtu anajuaje kama yeye ni wa kukaa mwaka au ni wa kuendelea na chuo alichopata? Na je, saa ngapi kwa siku? Naona watu wanataja saa 14, wengine 16.

Fundi Namba:

Swali Dogo, la kwanza lina kipimo. Mtu achukue karatasi ya mtihani aliofeli, au ya mwaka uliotangulia, aifanye upya bila saa. Kila swali alilokosa mara ya kwanza aliwekee herufi moja kati ya tatu: A, mada hii siijui, B, mada naijua lakini sikuona pa kuanzia, C, nilijua njia nikakosea hesabu, nikasoma swali vibaya au muda ukaisha. Kisha ajumlishe maksi zilizopotea kwa kila herufi.

Kama A ndiyo kubwa na imejikusanya kwenye mada saba au nane, mwaka unatosha na unalipa, maana mada saba unazijua kwa majina na zina mwisho. Kama A imetapakaa kila mahali, chimba chini zaidi. Mara nyingi tatizo ni aljebra na trigonometria za madarasa ya nyuma, na huyu wiki sita za kwanza azipeleke huko hata kama zinaonekana za kitoto. Kama B ndiyo kubwa, mwaka utasaidia kwa sharti moja: asirudi kusikiliza masomo tangu mwanzo. Anahitaji maswali. Na kama C ndiyo inayoongoza, kwa maoni yangu asiache chuo alichopata bila kufikiri mara mbili, kwa sababu C hutibiwa kwa miezi miwili mitatu ya mazoezi ya saa, na kama sheria inamruhusu anaweza kuifanyia kazi akiwa anaendelea na mambo mengine.

Kuhusu saa: za kukaa mezani hazina maana, hesabu zile ambazo kalamu inatembea. Saa saba hadi nane za namna hiyo, siku sita kwa wiki, ni nyingi na zinatosha. Anayetangaza 16 ama halali ama anahesabu video. Usingizi wa saa saba hadi nane ni sehemu ya ratiba, kwani ulichosoma mchana hujengeka usiku.

Torki:

Nakazia kwenye B, maana hapo ndipo mwaka mzima unapotea. Anayerudia mwaka ana hatari ambayo anayesoma mara ya kwanza hana: kila ukurasa anaufahamu. Anasoma, anaitikia kichwa, anafunga kitabu akiamini anajua. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 walilipima hili: waliosoma andiko tena na tena walifanya vizuri walipopimwa dakika tano baadaye, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunga andiko na kujaribu kulikumbuka. Mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Tufe zito, lisilo na uwazi ndani, linaviringika bila kuteleza kwenye mteremko wa pembe θ. Tafuta mchapuko. Anayerudia mwaka anaandika haraka: msuguano ni μ (kigezo cha msuguano) mara kani ya uso N, kwa hiyo mchapuko ni g sinθ − μg cosθ. Anakosa. Anafungua majibu, anaona (5/7)g sinθ, anasema "aah, nilisahau", anaendelea. Wiki tatu baadaye anakosa tena kwa njia ile ile.

Hakusahau. Ana imani isiyo sahihi, kwamba msuguano siku zote ni μN. Kwenye kuviringika bila kuteleza msuguano ni tuli, nao huchukua kiasi kinachohitajika tu. Andika mlinganyo wa kani kwenye mteremko, andika wa torki kuzunguka kitovu, weka sharti la a = αR, na momenti ya inesha (2/5)mR². Msuguano utajitokeza wenyewe: (2/7)mg sinθ. μ inaingia mwishoni kabisa, kuuliza kama uso unaweza kuutoa msuguano huo: tanθ isizidi (7/2)μ. Ikizidi, tufe linateleza, na hapo ndipo fomula ya kwanza inakuwa sahihi.

Sasa kwenye daftari la makosa usinakili suluhisho. Andika mistari mitatu: nilichoamini, kwa nini si kweli, na dalili ya kuitambua wakati mwingine ("bila kuteleza" = usiandike μN). Halafu swali lile lilirudie siku ya 3, ya 10 na ya 30, karatasi tupu, majibu yakiwa yamefungwa. Likipita mara zote tatu, lifute. Daftari la makosa lisilofutwa linageuka kitabu kingine cha kusoma tu.

Bi Kemia:

Salaam wote. Kemia mnaipita haraka, na ndiyo inayorudisha maksi mapema kuliko fizikia na hisabati kwa anayerudia mwaka. Lakini si somo moja, ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

Ya hesabu (moli, gesi, usawa wa mmenyuko, elektrokemia) inaharibiwa na vipimo. Mtu anaweka joto kwa selsiasi kwenye PV = nRT. Au anachukua R = 8.314 huku shinikizo likiwa kwa atm na ujazo kwa lita, ambako R ni 0.0821. Dawa: andika kipimo pembeni ya kila namba hadi mstari wa mwisho, hata kama unaona unapoteza sekunde.

Ya ogania usiikariri kwa orodha za mimenyuko. Chora mishale ya elektroni. Ukiona kaboni iliyoshikwa na kaboni nyingine tatu ndiyo inayobeba kundi linaloondoka, fikiria SN1 (kundi linaondoka kwanza, kishambulizi kinaingia baadaye), na tarajia mpangilio kuchanganyika. Kaboni iliyoshikwa na moja tu, pamoja na kishambulizi chenye nguvu, SN2 (kuondoka na kuingia kwa mpigo mmoja), na mpangilio unageuka. Kisha angalia kiyeyushi. Anayechora haya kwa mkono mara ishirini hahitaji kukariri mia.

Isiyo ya ogania ndiyo ya kukumbuka, na hapa watu wanakosea ratiba, siyo akili. Wanaiachia mwezi wa mwisho. Ipe dakika 30 kila siku tangu wiki ya kwanza, jedwali la vipindi mbele yako, kadi za kujiuliza. Saa nane za Jumapili moja hazilingani na dakika 30 za siku kumi na sita, ingawa kwa hesabu ni saa zile zile.

Swali Dogo:

Bi Kemia, ubarikiwe. Je, mtu asome somo moja mpaka limalizike ndipo ahamie lingine?

Torki:

Hapana. Kila siku masomo mawili angalau, na seti za mazoezi zichanganywe mada. Watafiti Rohrer na Taylor mwaka 2007 walionyesha jambo linalowasumbua wengi: waliochanganya aina za maswali ya hisabati walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, kisha wakawashinda wenzao kwenye mtihani. Sababu iko wazi. Ukifanya maswali 30 ya mzunguko mfululizo, hujawahi kujiuliza "hili ni swali la nini?" Kwenye mtihani hilo ndilo swali la kwanza, na hakuna kichwa cha mada juu yake. Kwa hiyo mada mpya ifanye peke yake siku mbili tatu, halafu itupe ndani ya mchanganyiko.

Kalamu Nyekundu:

Wakuu, mmesahau hesabu ya kukisia. Kuna ushauri umeenea kwamba kwenye mtihani wenye kukatwa maksi usikisie kamwe. Tuipige hesabu.

Main: sahihi +4, kosa −1, chaguo nne. Ukikisia kipofu, wastani ni 4 × ¼ − 1 × ¾ = +0.25. Ukifuta chaguo moja kwa uhakika, wastani ni karibu +0.67. Ukifuta mawili, +1.5. Sehemu nyingi za Advanced zenye jibu moja hutoa +3 na −1: kipofu ni sifuri kamili, ukifuta moja ni +0.33. Kwa hiyo kuacha swali ambalo umeshafuta chaguo mbili ni kutupa maksi.

Maswali ya Advanced yenye majibu zaidi ya moja ni tofauti kabisa. Mtindo uliozoeleka ni +4 ukipata yote, maksi ya sehemu (+1 kwa kila ulilochagua sahihi) kama hujachagua kosa, na −2 ukigusa hata kosa moja. Una uhakika na mawili, la tatu linakutia shaka? Chukua +2 zako uondoke. Soma maelekezo ya sehemu hiyo siku yenyewe, mpangilio hubadilika.

Torki:

Hesabu ni sawa, ila wastani siyo uhakika. Makisio kumi ya kipofu kwenye +4/−1: ukipata mawili umerudi sifuri, ukipata moja au hakuna umepoteza, na uwezekano wa hilo ni karibu mara moja kati ya nne. Ukiwa umefuta chaguo moja kila swali unashuka hadi karibu moja kati ya kumi. Kwa hiyo mimi nasema: kipofu acha, ukifuta moja jaza. Na muda wa kukisia uwe dakika tano za mwisho, usikisie katikati ukiwa na hasira na swali.

Kalamu Nyekundu:

Nakubali hilo la muda.

Mhasibu wa Saa:

Kuhusu saa ndani ya chumba cha mtihani. Main ni maswali 75 kwa dakika 180, wastani wa dakika 2 na sekunde 24. ESAT, unaotumika kuingia uhandisi Cambridge na Imperial kule Uingereza, kila moduli ni maswali 27 kwa dakika 40, kama sekunde 89 kila moja, bila kukatwa maksi na bila kikokotoo. Huko kuacha swali wazi ni kosa, kinyume kabisa na alichosema Torki. Tazameni jinsi mkakati unavyogeuka kwa kubadilika sheria moja tu.

Kwenye Main pita mara tatu. Mara ya kwanza fanya yale unayoona njia ndani ya sekunde 20. Ya pili yale yenye njia ndefu. Ya tatu mabaki. Anayeanza swali la 1 hadi la 75 kwa mpangilio hukwama kwenye la tisa dakika nane, na mwishoni anaacha maswali sita mepesi ambayo hakuwahi kuyasoma.

Kikokotoo hakuna pia kwenye JEE, kwa hiyo mwaka mzima kiwekeni kabatini. √2 ni 1.414, √3 ni 1.732, log 2 ni 0.301, log 3 ni 0.477, ln 2 ni 0.693, π² unaweza kuichukua 10 ukikadiria. Na kosa moja la hisabati lisilosameheka: ukiinua mlinganyo kipeo cha pili, rudi ukague. √(x + 6) = x inakupa 3 na −2, lakini −2 si jibu, na kwenye chaguo utaikuta imewekwa makusudi.

Swali Dogo:

Na kusoma peke yako nyumbani dhidi ya kwenda kituo cha maandalizi?

Fundi Namba:

Kituo kinatoa vitu vitatu: ratiba, mitihani ya majaribio, na mtu wa kuuliza. Kama unaweza kuvipata vyote vitatu nyumbani, kaa nyumbani. Mara nyingi kinachokosekana ni cha tatu. Wafaransa wana njia nzuri kwenye madarasa yao ya maandalizi: kila wiki wanafunzi watatu husimama ubaoni saa moja mbele ya mwalimu na kutatua maswali kwa sauti. Tafuta wenzako wawili, hata kwa simu ya video, mfanye hivyo mara moja kwa wiki. Swali uliloshindwa kulieleza kwa mdomo hulijui, hata kama jibu lako ni sahihi.

Unachopaswa kukikwepa nyumbani ni kukusanya. Kitabu kimoja cha nadharia kwa somo, kimoja cha mazoezi, na mitihani ya miaka kumi iliyopita. Kila mwezi mtu anabadili mwalimu wa video, na kila mwalimu anaanza na vekta. Mwisho wa mwaka anajua vekta vizuri sana.

Bi Kemia:

Kuna jambo la afya, nisiliruke. Mji wa Kota, Rajasthan, unaojulikana kwa vituo vya maandalizi, umekuwa kwenye habari mara nyingi kwa vifo vya wanafunzi waliojiua. Wazazi mnaosoma hapa: mwaka huu unamtenga kijana na rika lake lililoendelea mbele. Kila siku awe na saa moja nje ya chumba pamoja na watu, na kila wiki nusu siku isiyo na kitabu kabisa. Matokeo ya majaribio yasisomwe mezani wakati wa chakula. Akiacha kulala, akiacha kula, akianza kusema yeye ni mzigo, mtihani usubiri: kaa naye, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Na chuo cha pili kiwe kimeombwa tangu mapema, naye ajue kwamba kimeombwa. Hofu ya kukosa kila kitu ndiyo inayowala wengi.

Mhasibu wa Saa:

Ahsante kwa hilo. Nimalizie majaribio, maana yanafanywa vibaya. Miezi minne ya kwanza, jaribio la mada ulizomaliza kila wiki mbili. Kisha jaribio kamili moja kwa wiki, na wiki nane za mwisho mawili, si zaidi. Jaribio la saa tatu linahitaji saa nne hadi tano za uchambuzi kwa zile herufi A, B, C za Fundi Namba. Mwenye majaribio matano kwa wiki hachambui hata moja, anakusanya alama tu na kuumia roho.

Fanya saa zile zile za mtihani. Advanced ni karatasi mbili siku moja, saa 3 asubuhi hadi 6 mchana, kisha saa 8:30 hadi 11:30 jioni. Karatasi ya pili ndiyo inayoanguka, kwa sababu mtu amezoea kulala mchana. Miezi miwili ya mwisho futa usingizi wa mchana.

Na tumia kompyuta yenye kipanya, usitumie simu. Jicho linahama kutoka kioo kwenda karatasi ya rafu (ya kufanyia hesabu), na kosa la kunakili ishara ya kutoa huzaliwa hapo hapo. Rafu igawe kwa mistari, andika namba ya swali juu ya kila kisanduku, ili ukirudi mara ya tatu uikute kazi yako.

Swali Dogo:

Maswali ya kujaza namba kwenye Main, nayo yanakatwa?

Mhasibu wa Saa:

Ndiyo, ni matano kila somo, yote ya lazima tangu 2025, na kosa ni −1. Hayo kukisia hakuna faida, kwa sababu hakuna chaguo la kufuta. Kama jibu linatakiwa kukaribishwa hadi namba nzima iliyo karibu, usikaribishe katikati ya hesabu, subiri mstari wa mwisho. Na kabla ya kuhifadhi soma tena ulichochapa kwenye kisanduku, tarakimu moja moja.